Kummalizia mwenzako bajeti ya tangazo si ujanja, ni wizi

Msimu wa wageni ukikaribia, vijana wengi wa pwani hii siku hizi hawangoji tena kusimama barabarani na kadi mkononi. Wanaweka tangazo Google. Mwenye boti pale Watamu, dereva wa tuktuk anayepeleka watu Gede na Marafa, anayepangisha vyumba Casuarina, fundi wa simu mjini Kilifi. Unachagua eneo lako kwenye ramani, unatenga pesa za siku, na mtu akitafuta huduma karibu na hapo, jina lako linatokea juu.

Shida ni kwamba unalipia kila anayebonyeza, awe mteja au la. Hapo ndipo roho mbaya inapopenya.

Tuseme umetenga Sh500 kwa siku na kila mbonyezo unakugharimu Sh25. Mshindani wako anaandika "boti Watamu", anakuona, anabonyeza, anatoka. Kisha anaingia kwenye grupu la WhatsApp: "Wasee, mbonyezeni huyu." Watu 20 tu, na pesa zako za siku zimekwisha kabla ya saa sita mchana, mgeni hata hajamaliza kiamshakinywa. Jioni anapotafuta boti ya kesho, wewe haupo. Aliyebaki juu ni yule yule aliyeanzisha mchezo.

Wapo wanaocheka na kusema hii ni akili ya biashara. Sisi tunasema ni wizi. Sh500 hizo pengine ni faida ya safari nzima, au ni mkopo wa simu ambao bado unadaiwa. Ukimwibia nanga utaitwa mwizi ufuoni. Kumwibia kwa kidole hakukufanyi muungwana.

Si jambo geni duniani. Mwaka wa 2006 Google yenyewe ilikubali kutoa hadi dola milioni 90 kumaliza kesi iliyofunguliwa Arkansas, Marekani, na watangazaji waliolalamikia mibonyezo ya aina hii. Leo mitambo yake huchuja mingi, hasa simu ile ile inapobonyeza tena na tena, na mibonyezo hiyo hulipiwi. Kwa hivyo yule anayekaa usiku kucha akikubonyeza peke yake huenda anachosha kidole bure. Ni grupu lenye simu nyingi tofauti ndilo gumu kunaswa.

Lakini tuambiane ukweli pia: si kila pesa iliyopotea imelambwa na adui. Kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawaugusi. Google usipoiambia vingine, hulionyesha tangazo lako kwa walio Malindi pamoja na wale walioko kwingine lakini wanaonyesha hamu na Malindi. Kwa mwenye boti hiyo ni baraka. Mwitaliano aliyeko Milano anapanga safari. Kwa fundi wa simu ni hasara tupu, maana huyo wa Milano hatakuletea kioo kilichopasuka. Fundi, badilisha uchague watu walio eneo lako tu, kisha ndiyo uanze kumshuku jirani.

Halafu kuna ushauri unaozunguka mitaani: zuia anwani ya IP ya anayekusumbua. Ni kweli unaweza kuzuia hadi 500 kwa kampeni moja. Ila wateja wetu wengi wanatumia bando za simu, na kwenye mitandao ya simu watu wengi huweza kutumia anwani moja kwa wakati mmoja. Ukiifunga ya mbaya wako, unaweza kuwa umemfungia mlango mteja wa Mambrui aliyekuwa na pesa mkononi. Zuia ukiwa na uhakika, kama ni ofisi yenye waifai yake.

Kilicho bora ni kuweka rekodi. Tazama safu ya mibonyezo batili kwenye akaunti yako, andika siku na saa pesa zilipoisha ghafla na simu ngapi zilipigwa, kisha ujaze fomu ya Google ya kuomba uchunguzi mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Wakithibitisha, wanakurudishia kama salio la matangazo.

Kulipiza ndiko tusikokutaka kabisa. Boti mbili zikimalizana bajeti Watamu, atakayempata mgeni ni dalali wa Nairobi mwenye bajeti mara kumi ya zenu, na nyinyi wawili mtaishia kumbebea abiria kwa bei anayotaka yeye.