Nyama Haiponyi Kisukari

Penye nyama choma siku hizi hapakosi tabibu. Acha ugali, acha wali, acha hata maharage, atakuambia. Kula nyama peke yake, na sindano za insulini utazisahau. Ushahidi wake ni mashine: ametoboa kidole asubuhi, imesoma 5.4, basi amepona.

Hajapona. Ukiacha wanga, sukari haipandi sana baada ya mlo, na kwa mwenye kisukari cha aina ya pili hiyo ni nafuu ya kweli, sibishi. Lakini ini hutengeneza sukari usiku na mchana, hata kutokana na protini ya nyama hiyo hiyo, na insulini ndiyo inayolizuia lisipitilize. Tena protini yenyewe huamsha kongosho itoe insulini. Hata mla nyama tupu anahitaji insulini.

Mvumbuzi wa Aktiki Vilhjalmur Stefansson na mwenzake Karsten Andersen waliujaribu mlo huu New York kuanzia 1928: mwaka mzima wa nyama na mafuta, mwanzoni wakiwa chini ya uangalizi wa Hospitali ya Bellevue. Hawakudhoofika, na wapenzi wa nyama hulisimulia hilo kwa mbwembwe. Wasichosimulia ni kipimo cha mwisho. Waliponyweshwa glukosi baada ya mwaka ule, sukari yao ilipanda kupita kawaida. Waliporudia chakula mchanganyiko, hali ikatengemaa. Mwili uliozoea kuchoma mafuta hupoteza wepesi wa kuipokea sukari. Huo si ugonjwa, ila huwezi kuuita uponyaji.

Wengine hukimbilia kwa Wamaasai kama mfano wa watu wa nyama tupu. Chakula chao cha jadi kilitegemea maziwa kuliko nyama, na lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina zaidi ya gramu 40 za sukari!

Wala dawa hii si mpya. Daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, aliandika habari za kuwalisha wagonjwa wa kisukari nyama mwaka 1797. Lakini watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza waliendelea kufa mpaka insulini ilipoanza kutumika Toronto, 1922.

Ukitaka kupunguza wanga, mwone daktari kwanza akurekebishie dozi, maana sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia. Na wewe mwenye aina ya kwanza, hata ukila ng'ombe mzima, usiache sindano.