Ziwa si shimo la choo



Mvua ikinyesha Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie, uchafu wa vyoo vyetu unateremka mpaka ziwani. Kesho yake, kwenye ziwa lile lile, watoto wanachota maji na mabidoni. Kipindupindu kikiingia kwenye kartie, wakubwa wanatuambia tunawe mikono. Tunawe na maji gani?

Tukisema miji yetu inahitaji kusafisha maji machafu, tunajibiwa kama hayo ni mambo ya miji mikubwa yenye makuta mingi. Basi tuangalie Los Osos, mji mdogo kando ya bahari huko California, Marekani. Wakaaji wake hawafiki elfu 20. Hauna hata meya. Unaongozwa na kaunti.

Kwa miaka mingi karibu kila nyumba ya pale ilikuwa na shimo lake la choo. Nitrati ikapenya kwenye mchanga mpaka ndani ya maji ya chini ya ardhi, na ni hayo wanayokunywa. Mwaka 1983 ofisi ya leta inayolinda maji ikaamua mashimo yakomeshwe. Toka 1988, mwenye parseli tupu hakuweza tena kujenga nyumba ya kumwaga uchafu chini. Akangoja.

Kisha wakagombana. Mtambo ujengwe wapi? Nani alipe? Mwaka 2005 kazi ilikuwa imeanza, wananchi wakapiga kura na kuwaondoa viongozi walioitetea. Mwaka 2006 shirika la mji likafilisika, kaunti ikachukua kazi. Mtambo ukafunguliwa 2016.

Leo maji ya choo yanapita kwenye bomba mpaka mtamboni. Bakteria wanakula uchafu na nitrojeni inapunguzwa. Maji yanachujwa tena, halafu mwanga wa UV unaua vijidudu. Sehemu ya maji hayo inarudishwa ardhini, ijaze akiba na kuzuia chumvi ya bahari isiingie. Ingine inamwagilia mimea.

Hatusemi tukopi Los Osos. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, kupitisha bomba pale ni jasho. Na vita tunaijua. Lakini kipindupindu hakingoji amani: mwaka 1994, kwenye makambi ya wakimbizi karibu na Goma, kiliua watu kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Tunachojifunza ni hiki: mashine inakuja mwisho. Kwanza sherti iwepo amri inayomshika kila mtu, tajiri pia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya maji tuko nayo toka Desemba 2015. Karatasi hazikosi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Jengo lolote jipya kando ya ziwa, hoteli ao vila, lionyeshe maji yake ya choo yanaenda wapi, kabla ya kupewa ruhusa.

2. Kila mji uwe na mahali panapojulikana pa kumwaga uchafu wa vidanji, penye mabwawa ya kusafishia. Mabwawa hayahitaji mashine ya bei kali. Jua na bakteria wanafanya kazi kubwa.

3. Hesabu za taksi za usafi zibandikwe hadharani, komini kwa komini.

4. Kazi hiyo wapewe vijana wa hapa. Tuko na diploma za kemia, ujenzi na mazingira zinalala kwenye masanduku.

Na sisi wenyewe tusikae mikono mifukoni. Kila kartie iandike bomba gani linamwaga ziwani, ipige picha, ipeleke kwa mkuu wa komini na kudai jibu la maandishi.

Los Osos waligombana miaka 33 huku maji yakitoka kwenye robine za nyumbani. Sisi hatuna hiyo miaka.