Ushuru Umelipwa, Karatasi Je?

Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba yapita Eldoret, mji ambao wengi wangali wakiuita Sikistifoo, kwa sababu posta yake ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64. Tangu Agosti 2024 mji huo ni jiji, lakini kwa jambo moja haujabadilika. Magari yaliyoteremshwa melini Kilindini hupita hapo yakiwa hayana vibao vya nambari. Mengi yaenda Uganda na mbele yake, nayo yana karatasi za forodha za safari. Hayo hatuna neno nayo. Neno letu ni juu ya lile gari lisilokwenda popote. Gari la mkaazi wa Eldoret, lililolipiwa ushuru juma lililopita, ambalo leo lapeleka watoto chuoni na kesho laonekana sokoni, na nambari yake, ukiuliza, ati iko njiani.

Mwulize mwenyewe, naye hatakawia kukujibu: "Ushuru nishalipa, bwana. Serikali yanidai nini tena?" Jawabu hilo lina ladha ya haki, na ndiyo sababu limeenea. Nasi watu wa Pwani latuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa maana aghalabu gari hilo limechaguliwa katika yadi ya Mombasa na mjomba au ami, likashughulikiwa na wakala wa Mombasa, na likaendeshwa mpaka Bara na kijana wetu aliyepewa ufunguo, nauli ya kurudi na dua.

Kwanza tufumbue fumbo lenyewe. Kulipa ushuru na kusajili gari ni mambo mawili. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 hulipwa Mamlaka ya Mapato. Usajili ni kazi ya mamlaka nyingine, ile ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi zote mbili zilikuwa chini ya paa la Mamlaka ya Mapato, na yamkini ndiyo maana wengi wangali wakidhani risiti ya ushuru ni cheti cha gari. Sivyo. Risiti yasema mali imeingia nchini kwa halali. Haimpi mtu ruhusa ya kuitembeza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka gari lisajiliwe na lionyeshe nambari yake likiwa katika barabara ya umma. Na vile vibao vya KG, ambavyo watu huazimana kama masufuria ya harusi, ni vya mfanyabiashara ya magari kwa shughuli za biashara yake. Havikuwekwa ili mnunuzi atembelee navyo jamaa.

Hata hivyo, mwenye haki apewe haki yake. Mlalamikaji halalamiki bure. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake yaja mengine niliyoyataja. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 2022, Serikali ilizindua vibao vya nambari vya aina mpya. Vibao hivyo hutengenezwa katika gereza la Kamiti, na katika mwaka ule na uliofuata uhaba ulizidi hata watu waliokwisha kulipa wakangoja kwa majuma na miezi. Fedha zilipokewa papo hapo. Kibao kikaja kwa mwendo wa kobe. Mwenye kudai haki yake leo hii hana uso wa kumwambia aliyemlipa angoje bila ya kumwambia mpaka lini. Ahadi ni deni, nalo deni la Serikali ni deni pia.

Malalamiko hayo nayakubali yote, na bado nasema gari likae. Sababu zangu ni nne.

Sababu ya kwanza ni mtu ambaye hakununua gari wala hakulipwa ushuru. Huyo ni mpita njia. Ukipanda kutoka Nakuru kwenda Eldoret wapita Timboroa, mahali pa juu penye baridi, mvua na ukungu, na kijana aliyezoea jua la Changamwe huenda asiuone mwisho wa boneti yake. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara pale Burnt Forest hana ugomvi na NTSA. Akigongwa magharibi na gari lisilo na kibao, nalo likakimbia, mashahidi watasema nini polisi? Watasema lilikuwa jeupe. Je, magari meupe ni mangapi katika Kenya? Dini yetu yafundisha kwamba damu ya mtu haimwagiki bure; hata aliyeua bila ya kukusudia ana diya juu yake. Jamaa za mama huyo watadai diya kwa nani?

Mtu atasema kuna bima. Kweli, Sura ya 405 ya sheria zetu yakataza gari kutumiwa barabarani bila ya bima ya kuwalinda watu wengine, na bima huweza kukatwa kwa nambari ya chesisi kabla nambari ya usajili haijatoka. Lakini ni wangapi kati ya hawa wenye haraka walioikata? Na aliyeikata, je, ameisoma? Bima ni mkataba, na mkataba una masharti. Gari likitumiwa nje ya masharti yale, kampuni yaweza kwenda mahakamani kujivua, na hapo mwenye gari atajua kwamba alichokuwa nacho mfukoni kilikuwa ni karatasi tu.

Sababu ya pili ni kijana mwenyewe. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kiasi cha kilomita 800, na vizuizi vya polisi havikosekani. Vijana wetu wenye kofia na majina ya Kiislamu wajua vyema jinsi kitambulisho chao kinavyogeuzwa mara mbili pale ambapo cha mwenzao hugeuzwa mara moja. Tumelalamika juu ya dhuluma hiyo miaka mingi, na tuna haki ya kulalamika. Je, ni busara tumtume mtoto huyo huyo usiku, ndani ya gari lisilo na jina wala nambari, amkabidhi askari sababu ambayo hakuwa nayo? Akifungwa, mwenye gari yuko kwake anakunywa chai. Leseni itakayoharibika ni ya kijana, na chakula kitakachokosekana ni cha mama yake.

Ya tatu ni ile ambayo hatupendi kuitaja. Gari lisilo na karatasi haliendi kwa petroli peke yake. Mwenye gari humpa dereva fedha za mafuta, na pembeni akampa noti ndogo ndogo "za njiani". Asubuhi gari limesomewa Fatiha, tasbihi imetundikwa kwenye kioo, na adhuhuri njia yanunuliwa kizuizi kwa kizuizi. Mtume wetu (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji pamoja, hakusema mpokeaji peke yake. Twapenda sana kumsema askari. Lakini mkono wa askari haungejaa lau wetu haungefunguka.

Ya nne ni kwamba Muislamu ndiye mtu wa mwisho anayefaa kudharau karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, haihusu vita wala pepo. Yahusu deni, mwandishi na mashahidi. Yatuamrisha tuandike, liwe deni dogo au kubwa, wala tusichoke. Basi yule asemaye kwamba karatasi ni usumbufu wa Wazungu, na airudie aya hiyo kwa utulivu.

Nasi wa Pwani tuna somo jingine, lililotuuma. Mwaka 1908 wakoloni walitunga sheria ya hati za ardhi, wakawataka wenye madai katika ukanda wetu waende wakaandikishe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi, hasa ndugu zetu Wamijikenda, hawakuandikwa, na wajukuu wao wangali wakiitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Sheria ile ilikuwa na dhuluma, sikatai. Lakini ilitufunza kwamba kukikalia kitu si kukimiliki mbele ya hakimu. Na gari ni hivyo hivyo. Mnunuzi akifariki kabla cheti cha umiliki, ile logibuku, hakijaandikwa jina lake, warithi watakwenda kwa Kadhi kugawana gari ambalo kwa maandishi ni la mtu mwingine. Nani atampa mjane fungu lake katika mali isiyo na jina la mumewe?

Basi tufanyeje? Mnunuzi asilipe salio la mwisho mpaka wakala amkabidhi usajili pamoja na ufunguo; mwenye yadi ataona tabu siku mbili, kisha atazoea. Gari likihitajika Eldoret upesi, lipakiwe juu ya lori la kubebea magari. Gharama yake itapungua ukitoa zile noti za njiani. Aliyekwisha kulifikisha, na aliegeshe uani alipige vumbi. Matatu na bodaboda zipo, na miguu pia, hasa katika mji ambao umewapa ulimwengu wakimbiaji.

Ama Serikali, wajibu wake ni mwepisi kuusema. Siku inayopokea ushuru na ada zake, impe raia karatasi ya muda yenye nambari, jina na tarehe ya kukoma, ambayo kila askari wa trafiki ataitambua. Ikishindwa kutoa kibao kabla ya tarehe hiyo, kosa liwe lake, wala lisiwe la dereva. Haifai ofisi moja ya Serikali imcheleweshe mtu, na ofisi nyingine ya Serikali hiyo hiyo imkamate kwa kuchelewa.

Lakini mpaka siku hiyo ifike, hoja ya "nishalipa" haitoshi. Mahari hulipwa, na hata hivyo bwana harusi hangii nyumbani mpaka nikaha ifungwe mbele ya mashahidi. Hakuna amwambiaye baba mkwe kwamba fedha umezipokea, basi nipe mke, mengine yatafuata. Kwa bibi harusi twangoja, na hatuoni haya kungoja. Na tungoje kwa gari.