Ukurasa wa Vijana: Tuonyeshe Kwanza Januari Yako



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alitujia nyumbani kijana mmoja wa mtaani kwetu, kompyuta ndogo kwapani na uso umemkunjuka kwa furaha.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Una khabari gani?"

Akaifungua ile kompyuta, akatuonyesha mchoro wa mstari mwekundu wenye nukta 12. Kila nukta, alisema, ni mwezi mmoja wa mwaka 1998, nao mstari waonyesha joto la uso wa bahari mbele ya Unguja. Asubuhi yake alikuwa aupeleke shuleni, apate kuwaeleza wenzake namna bahari ilivyozidi joto mwaka ule, hata matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na mengi yakafa. Mchoro ulikuwa safi, wapendeza macho. Sisi tukamwuliza neno moja tu: "Mwanangu, tuonyeshe Januari yako iko wapi."

Akaweka kidole juu ya nukta ya kwanza. Tukamwuliza tena: "Nani aliyekwambia kuwa hii ni Januari?" Hapo akanyamaza.

Tukakaa pamoja mpaka usiku ukawa mkubwa, na hayo tuliyozungumza ndiyo tunayoyaandika leo. Vijana wengi, wa kiume na wa kike, sasa wajifunza kuandika programu, na kosa lile huwapata karibu wote waanzao.

Na tuanze na kitu kilichomo katika kila nyumba yetu, yaani jedwali la nyakati za sala lililotundikwa ukutani. Karatasi ile ina mihimili miwili: siku za mwezi zateremka chini, na sala tano zakwenda upande. Ukitaka kujua wakati wa Magharibi ya siku ya kumi, wataja mambo mawili, siku na sala, kisha kidole chako chafika mahali pamoja. Sasa zikusanye karatasi za miezi 12, uzitie uzi ziwe kitabu. Hapo umepata jedwali la mihimili mitatu: mwezi, siku na sala. Wakati mmoja sasa wahitaji kutajiwa mambo matatu, na ukisahau hata moja hutafika.

Kukata jedwali ni kuchagua sehemu yake. Ukiufunga mhimili mmoja, kwa kusema "nataka mwezi wa Machi tu", wapata karatasi nzima. Ukifunga miwili, kwa kusema "Magharibi ya kila siku katika Machi", wapata safu moja ya namba. Ukifunga yote mitatu, wapata namba moja peke yake. Nayo ndiyo siri ya kuchora: safu huchorwa mstari, karatasi huchorwa ramani ya rangi, lakini kitabu kizima hakichoreki juu ya uso mmoja wa karatasi. Kwa hiyo mwenye kutaka kuchora sharti akate kwanza, mpaka abakiwe na mhimili mmoja au miwili.

Kitabu alichokuwa nacho kijana wetu kilikuwa cha bahari. Idara ya bahari na anga ya Marekani, iitwayo NOAA, hutoa bure jedwali la joto la uso wa bahari kwa kila mwezi tangu Januari 1854. Toleo lake la tano, lililotoka mwaka 2017, ndilo alilotumia. Kila ukurasa ni mwezi mmoja, na kila ukurasa ni ramani ya dunia iliyogawanywa viraba vya digrii mbili: mistari 89 ya latitudo, kuanzia digrii 88 kaskazini hata 88 kusini, na safu 180 za longitudo, kuanzia Greenwich kuelekea mashariki. Kwa hivyo kila ukurasa una nafasi 16,020, na zile zilizo juu ya nchi kavu hazina joto la bahari. Kompyuta huziandika nan, maana yake "si namba".

Vyombo vyenyewe havina bei. Lugha ya Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. NumPy, kinachoshika majedwali, ni kazi ya Travis Oliphant, na toleo lake la kwanza kamili ni la mwaka 2006. Matplotlib, kinachochora, kilianzishwa na John Hunter na kutolewa mwaka 2003. Kufungua kitabu ni mistari mitatu:

import xarray as xr
d = xr.open_dataset("sst.mnmean.nc")
joto = d["sst"].values

Jedwali tumelipa jina la joto. Jambo la kwanza la kuliuliza ni umbo lake, kwa kuandika joto.shape. Hujibu namba tatu: ya kwanza ni idadi ya miezi, ya pili 89, ya tatu 180. Tazama vyema utaratibu huo, mwezi, latitudo, longitudo, kwani ndio utakaoufuata ndani ya mabano ya mraba.

Sasa twarudi kwa Januari. Python haianzi kuhesabu kwa moja. Yaanza kwa sufuri. Vijana hulalamika, lakini sisi wenyewe twahesabu hivyo katika nyumba za ghorofa. Chini hatukuiti ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya kwanza ni ile uliyoipandia ngazi mara moja. Namba ya nafasi katika Python ni hesabu ya ngazi ulizopanda. Januari 1854 hukupanda ngazi yoyote, basi nafasi yake ni 0. Kufika Januari 1998 wapanda miaka 144, na kila mwaka miezi 12, jumla ngazi 1728.

Kijana wetu alihesabu kwa vidole, akasema kuwa Januari 1998 ni mwezi wa 1729 tangu mwanzo. Hesabu yake ya vidole ni sahihi, lakini Python haikumwelewa hivyo. Alipokata kuanzia 1729, alianza na Februari 1998 akamaliza na Januari 1999, kisha akaandika chini yake "Januari" mpaka "Desemba" kwa mkono wake. Kompyuta haikulalamika, wala haikuandika neno jekundu hata moja. Mchoro ukatoka mzuri, nao ni wa uongo.

Tukamwambia aandike d["time"].values[1729]. Likatokea jibu: 1998-02-01. Akashika kichwa.

Andiko lililo sawa ni hili:

joto[1728:1740, 47, 20]

Mtu atauliza, mbona 1740 na si 1739? Kwa sababu mwisho wa kipande haumo ndani ya kipande. Mfungaji hufunga mpaka Magharibi, na Magharibi ikiingia hufungua. Magharibi yenyewe si katika saumu. Ndivyo ilivyo hapa: wakata mpaka 1740, na 1740 yenyewe haimo. Toa 1728 katika 1740, zabaki 12, ndiyo miezi yako. Mwenye kuandika 1739 hupata miezi 11, na Desemba humpotea asijue.

Ama 47 na 20 zatoka wapi? Bahari ya mbele ya Unguja i karibu na digrii 6 kusini na 40 mashariki. Kutoka 88 kaskazini mpaka 6 kusini ni digrii 94. Zigawe kwa mbili, wapata 47. Kutoka Greenwich mpaka 40 mashariki, gawa kwa mbili, wapata 20.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe, kijana asione aibu peke yake. Siku tulipoanza elimu hii, tuliandika digrii kama zilivyo: hasi sita kwa kusini, na 40 kwa mashariki. Twajua sasa kuwa Python ikiona namba hasi huhesabu kutoka mwisho. Basi ilirudi mistari sita kutoka mkia wa ramani, ikatufikisha digrii 78 kusini na 80 mashariki, juu ya barafu ya bara la Antaktika! Likatokea nan, tukadhani faili ni bovu. Na mwenye kugeuza utaratibu, akaandika 20 kabla ya 47, hufika digrii 48 kaskazini na 94 mashariki, nayo ni nchi ya Mongolia, isiyo na bahari. Makosa haya ni afadhali, kwa kuwa nan humzindua mtu. La khatari ni lile la Januari, ambalo hutoa namba nzuri.

Mwenye kuielewa nukta mbili hupata mengi kwa maneno machache. Joto[1730] ni ramani ya dunia nzima ya Machi 1998. Huchorwa kwa plt.imshow. Joto[1730, 29:60, 20:56] ni sehemu ya Bahari ya Hindi, tangu digrii 30 kaskazini hata 30 kusini, na tangu 40 mashariki hata 110. Joto[2::12, 47, 20] ni Machi ya kila mwaka tangu 1854, maana yake: anza nafasi ya 2, kisha ruka miezi 12 kila mara. Kwa kipande hicho kimoja kijana aweza kuilinganisha Machi ya 1998 na Machi zote zilizotangulia, jambo ambalo mstari wa mwaka mmoja hauwezi kumwonyesha.

Katika ramani yamo mambo mawili ya kuhadhari. Kwanza, plt.imshow huweka mstari wa kwanza juu. Jedwali letu laanza kaskazini, basi ramani husimama sawa. Majedwali mengine huanza kusini, na hayo huchorwa kichwa chini miguu juu, mpaka uongeze origin="lower". Pili, kwa kuwa longitudo zaanzia Greenwich, pwani yetu huwa karibu na ukingo wa kushoto, na Dakar, iliyo magharibi ya Greenwich, hutupwa ukingo wa kulia.

Limebaki jambo moja, nalo limewaliza wengi. Katika NumPy, kipande ulichokata kwa nukta mbili au kwa namba ya ukurasa si nakala, bali ni dirisha la kuchungulia kitabu kile kile. Kijana akisema "ukurasa = joto[1730]", kisha akatia sufuri mahali pa nchi kavu ili picha ipendeze, amelichafua jedwali la asili. Baadaye akitafuta wastani wa Machi ile, zile sufuri huingia katika hesabu na bahari huonekana baridi kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuandika joto[1730].copy() kabla ya kugusa chochote, na kutafuta wastani kwa np.nanmean, ambayo huziacha nafasi zisizo na namba.

Wako watakaosema: kwa nini taabu hii, na xarray yakubali kutajiwa tarehe na digrii kwa majina yake? Ni kweli, na twawausia wakitumie chombo hicho wakishaelewa. Lakini nacho kina kanuni zake. Ukikata kwa tarehe, mwisho umo ndani: kutoka "1998-01" mpaka "1998-12" ni miezi 12 kamili. Na kwa kuwa latitudo za jedwali hili zateremka, sharti utaje 30 kwanza kisha hasi 30. Ukigeuza hupati kitu. Asiyejua mihimili yake hupotea popote.

Enyi vijana, mchoro ni ushahidi. Mwenye kuutazama hakuiona bahari wala hakulifungua jedwali, amekuamini wewe. Namba ni amana mikononi mwako, na kompyuta si mwenzako katika amana hiyo. Yajibu ulichouliza, si ulichokusudia. Kwa hiyo kabla ya kumwonyesha mtu mchoro wowote, fanyeni mambo matatu. Ulizeni umbo la kipande, mjue kina mihimili mingapi na namba ngapi. Andikeni tarehe na mahali pa nafasi ya kwanza na ya mwisho, msizidhanie. Kisha jaribuni kwa jambo mnalolijua: nchi kavu iwe tupu, bahari za ncha za dunia ziwe baridi, na bahari yetu ipoe wakati wa kusi.

Kijana wetu aliuchora upya mstari wake usiku ule ule. Kilele cha joto kilihama mwezi mmoja mbele ya pale alipokiandika mara ya kwanza, naye akafuta maneno mawili katika hotuba yake akaandika mengine. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni akasema, "Maalim, lau nisingepita hapa, kesho ningaliwadanganya darasa zima, na wote wangalinipigia makofi."

Tukamwambia, "Nenda ukalale, mwanangu. Na kesho, waonyeshe kwanza Januari yako."

Wabillahi tawfiq.