Hewa ya Jiko na Nyota Changa

Mama msomaji, Agosti moja tulikuwa Mbaga, milimani Upare, kwa mama mkwe. Baridi ya huko wengine mnaijua. Jioni alituwekea jiko la mkaa chumbani, na kabla hatujalala akaja kulitoa mwenyewe, maana hewa yake huua watu usingizini.

Saa kumi na moja alfajiri tulisimama barabarani na binti yetu kungoja gari la kushuka Same. Ukungu ulikuwa umeifunika Shengena, lakini anga la mashariki lilikuwa limetakata, na zile nyota tatu za mstari mmoja ziking'aa. "Mama, nyota zinazaliwa wapi?" Tukamjibu asituchoshe alfajiri yote hiyo. Jibu letu lilitukera wenyewe njia nzima, na tulipofika nyumbani tukatafuta.

Kumbe alikuwa anapatazama! Kulia kwa zile tatu kuna vinyota, na kimoja kimefifia kama ukungu. Hapo ni ubavuni mwa wingu kubwa la hewa, mbali kiasi kwamba mwanga wake hutufikia baada ya miaka kama 1,300, na nyota huzaliwa humo. Sehemu kubwa ya wingu hilo ni haidrojeni, ambayo kwenye baridi kali ya humo haijionyeshi. Wataalamu wakapata mjumbe: kaboni monoksidi, hewa ileile ya jiko la mama mkwe! Ni kidogo mno, lakini hutoa mawimbi ya redio. Mwaka 1970 Wilson, Jefferts na Penzias waliyanasa huko Arizona, Marekani. Tangu hapo mawingu ya namna hiyo huchorwa ramani, kipande kwa kipande, kuonyesha hewa imesongamana wapi.

Na msukosuko wa humo je? Hapa honi ya gari letu ilitusaidia. Gari likija, honi husikika nyembamba. Likishapita, sauti hushuka. Mawimbi ya wingu nayo hubadilika, ya hewa inayotujia na ya ile inayokwenda mbali. Yakipimwa, hewa huonekana ikivurugika kwa kasi ambayo joto lake dogo haliwezi kuileta. Vurugu hiyo huzuia wingu lisijiporomokee lote kwa uzito wake. Lakini mikondo ikigongana, hewa hubanwa, na pale palipobanwa sana ndipo nyota huanza.

Tulimweleza binti akichambua mchicha. Akauliza kinachovuruga ni nini. Tukamwambia nyota changa zinazorusha hewa, nyota kubwa zinazolipuka, na uzito wa wingu lenyewe. Kipi kinazidi, wataalamu bado wanabishana.

"Na Desemba zile tatu zinatoka saa ngapi?"

"Jioni, mapema."

"Basi Krismasi twende kwa bibi."

Nauli tumeanza kuiweka.