Akiba Nayo Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Naiheshimu methali hii kwa sababu imewalea wazazi wetu, lakini nadhani wakati umefika wa kusema wazi kwamba sisi tumeigeuza kuwa kinga ya woga na uchoyo wetu. Akiba waliyoisema wazee ilikuwa chakula cha ghalani na mbegu ya msimu ujao, yaani kitu kinachongoja kazi yake na siku yake inajulikana. Hawakuwa wakizungumzia mablanketi yanayoliwa na nondo sandukuni, redio tatu mbovu juu ya kabati, wala vikombe ambavyo tangu viletwe kutoka dukani havijawahi kuguswa na mdomo wa mtu. Vitu hivyo vinaoza.

Hata ghalani kwenyewe akiba huoza. Mkulima wa Bunda au wa Butiama anamfahamu dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengine walimpa jina la lori, Scania. Alianza kuonekana nchini mwetu huko Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa. Shabaha yake hasa ni mahindi na muhogo mkavu vilivyowekwa muda mrefu. Ukifungua gunia ulilolitegemea unakuta unga usiofaa kwa ugali wala kwa kuku. Ghala limejaa, na nyumba ina njaa.

Ninachodai katika kurasa hizi ni hiki: una haki ya kuweka kitu maadamu kinafanya kazi, kwako au kwa mwenzio. Siku kikilala, kitoe. Na ukitoe kingali kizima. Kumpa mtu kitu kilichokwisha kuoza si ukarimu. Huko ni kumtumia jirani kama jalala.

Shangazi yangu mmoja aliishi kijijini upande wa Bunda. Watoto wake waliokuwa na kazi mjini walimletea zawadi kila walipokuja likizo, na kila zawadi ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda. Nilimtembelea wakati wa masika nikamkuta amejifunika khanga kuukuu mbili zilizoshonwa pamoja. Nikamwuliza, "Shangazi, mbona lile blanketi jipya hujifuniki?" Akanijibu, "Hilo ni la wageni, mwanangu." Wageni walikuja na kuondoka, miaka ikapita, na hapana mgeni aliyepata kuonekana mkubwa wa kutosha kulilalia. Alipofariki na matanga yakamalizika, ukoo ulikaa uani sanduku likafunguliwa. Mlikuwa na mablanketi matatu. Yalipokunjuliwa yalichanika kwenye mikunjo, na katikati panya walikuwa wamezalia. Tulitazamana. Mama yule alikuwa ameteseka kwa baridi miaka yote juu ya kitanda kilichofunika mablanketi.

Najua kwa nini alikuwa hivyo, na sitaki mtu amcheke. Kizazi chake kilipita katika miaka ambayo mche wa sabuni ulikuwa habari njema ya kijiji kizima. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa kupanda kwa bei ya mafuta duniani, fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikakosa vipuri, na maduka yakabaki na rafu tupu. Watu walipanga foleni ya sukari, ya khanga na ya betri za tochi. Sisi wa Mara tulikuwa na mpaka wa Kenya karibu, na vitu vingine vilipita Sirari kwa njia za usiku. Mwaka 1983 Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Msako ule uliwakumba pia watu wasiokuwa na hatia; lakini bidhaa nyingi ambazo wananchi walikuwa wakiambiwa hazipo zilikutwa zimejaa maghalani na vyumbani. Wapo waliozitupa usiku ili wasikutwe nazo.

Hebu tulifikirie jambo hilo, ndugu msomaji. Sabuni ilifichwa kwa sababu ni adimu, kisha ikatupwa kwa sababu imekuwa hatari, na kati ya kufichwa na kutupwa hapana mtoto hata mmoja aliyeogea. Tangu mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na leo sokoni Musoma marobota ya mitumba hufunguliwa na nguo zikamwagwa chini kama mavuno. Uhaba ule wa bidhaa umekwisha. Woga wake ndio uliobaki, na tunawarithisha watoto wetu pamoja na masanduku.

Woga huo ukiingia katika mali ya watu wote, madhara yake huwa makubwa kuliko ya sanduku la mama mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mzazi katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Shule ilipokea vitabu vipya, na watoto wetu wakaendelea kusoma watano kwa kitabu kimoja kilichochakaa, kwa kuwa vile vipya vilifungiwa kabatini. Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikauliza sababu. Mwalimu mkuu alinijibu kwa adabu, "Mzee, hii ni mali ya Serikali. Kikipotea kimoja nitaulizwa mimi." Sikuridhika, lakini nilielewa. Kitabu kilichopotea kina mwenye kuulizwa. Kitabu kisichosomwa hakina. Siku kabati lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekwisha kufika rafu ya pili, na watoto wa madarasa yale walikuwa wamekwisha kumaliza shule. Leo ni watu wazima. Hakuna leja inayoonyesha walichokosa.

Ukipita nyuma ya ofisi nyingi za umma katika nchi yetu utaona ugonjwa uleule. Gari limewekwa juu ya mawe, mti umeota katikati ya injini. Madawati yaliyovunjika mguu mmoja yamerundikwa mvuani, wakati seremala angeyatengeneza kwa siku mbili. Ukiuliza utaambiwa kitu hicho hakijafutwa kwenye leja, kibali kinangojwa. Sipingi utaratibu, kwa maana bila utaratibu mali ya umma ingekwisha kwa siku moja. Napinga utaratibu unaolinda kitu mpaka kife, halafu ukatoa kibali cha kukizika.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya vijijini na ya makarani, na atazame juu zaidi. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na sehemu yake moja ilihusu jambo hilihili tunalolizungumza: kiongozi aweke nini na aache nini. Kiongozi hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala kuwa na mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Na sharti halikumhusu yeye peke yake, bali pamoja na mwenzi wake, ili mtu asihamishie mali upande wa pili wa kitanda akasema ametekeleza. Unaweza kubishana juu ya kutaifisha mabenki na mashamba. Watu wamebishana tangu siku ile na wataendelea. Mimi nasimama kwenye sehemu hii ya mtu binafsi tu. Ilikuwa na kitu ambacho mimi na wewe hatuna nyumbani kwetu, nacho ni mpaka. Ilisema: hapa panatosha.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikaulegeza mpaka ule. Mwaka 1995 ikaja Sheria Na. 13 ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atoe tamko la mali yake na madeni yake. Ni sheria nzuri kwa kazi yake. Lakini tuone tulivyohama. Zamani kiongozi aliulizwa ameacha nini. Sasa anaulizwa ana nini. Orodha si mpaka. Mtu anaweza kujaza fomu kwa uaminifu mkubwa, ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wa fomu akawa hajaulizwa swali moja dogo: vyote hivi ni vya kazi gani?

Aliyesimamia Azimio lile alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Hakukulia mahali ambapo mali haijulikani. Baba yake alikuwa na wake 22. Wala sisemi kwamba Mwalimu hakuwa na kitu. Alikuwa na shamba, alikuwa na vitabu, na Jeshi lilimjengea nyumba nyingine Butiama ambayo hakuikalia muda mrefu. Lakini mwaka 1966, alipotaka kuwaambia wasomi na viongozi kwamba mishahara ni mikubwa mno, alianza kwa kuukata wa kwake kwa asilimia 20. Leo kuna makumbusho yake Butiama, na magari mazuri hushuka kutoka barabara kuu kwenda kuyaona. Watu husimama mbele ya vitu vyake, wakatikisa vichwa wakisema, "Kweli mzee huyu hakujilimbikizia." Halafu wanapanda magari. Mimi nasema sifa hiyo haina maana. Kumsifu mtu kwa kuacha, huku mkono wako umeshika kila kitu, ni kumfanya yeye naye kuwa kikombe cha kabatini: cha kutazamwa, si cha kutumiwa.

Wapo watakaoniunga mkono haraka kuliko ninavyotaka. Hao ni watu wa kutupa. Mwaka 2011 Marie Kondo wa Japani alitoa kitabu juu ya kupanga nyumba kilichokwenda dunia nzima; anafundisha ushike kila kitu mkononi na ujiulize kama kinakupa furaha, na kisichokupa ukiage. Kwa nyumba za watu waliokinai huenda ni dawa. Kwetu swali hilo limekosewa anwani. Linamwuliza mwenye kitu tu, wala halimwulizi asiye nacho. Sufuria ya pili hainipi furaha wala huzuni. Lakini jirani aliyezaa juzi anachemshia maji ya kumwogesha mtoto katika sufuria ileile ya kupikia uji.

Tena, kutupa ni wapi? Sisi tunajua vizuri kuliko wengine kwamba kila kinachotupwa hutua mahali. Shati lililokosa kazi Ulaya au Marekani limetua sokoni kwetu. Ndoo iliyopasuka ikitupwa mtaroni Musoma, mvua huichukua ikaipeleka ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunaloteka maji na kuvua samaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, baada ya miaka mingi ya kuiona imenasa kwenye miti, nyavu na matumbo ya mbuzi. Mlimbikizaji na mtupaji ni ndugu. Mmoja anaozesha kitu nyumbani kwake, mwingine anakiozesha nyumbani kwa wote.

Njia ya tatu ipo, na hatukuletewa na kitabu. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Kanda ya Ziwa, mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa ndugu au rafiki mwenye upungufu. Aliyepewa alikamua maziwa, watoto wake wakanywa, samadi ikaenda shambani kwake, na baada ya muda huenda akapewa ndama wa kwake. Mwenye mali naye hakupoteza. Maradhi au wezi wakilipiga zizi lake, alibaki na mbegu kwa wenzake; ukame ukija, mzigo wa malisho ulikuwa umegawanyika. Ng'ombe mmoja alikuwa mali ya mtu na faida ya wawili. Hiyo ndiyo akiba isiyooza.

Nasema hivi kuwajibu wale wanaouliza, "Nikitoa leo, kesho nikipungukiwa nani atanipa?" Swali hilo ni la haki katika nchi ambayo wengi hawana bima wala pensheni. Lakini sanduku lililofungwa halijapata kumjulia mtu hali wala kumpeleka hospitali. Aliyepikia sufuria yako ndiye atakayepiga hodi siku mlango wako ukichelewa kufunguka. Kutoa ni moyo, si utajiri, nao wazee waliongeza kwa vitendo vyao kwamba kutoa ni hesabu vilevile.

Basi kila mtu na aende chumbani kwake, aangalie juu ya kabati na chini ya kitanda. Kinachofanya kazi kibaki. Kinachotengenezeka kipelekwe kwa fundi wiki hii, si mwakani. Kilicholala na ni kizima kitafutiwe mtu anayekihitaji kwa jina lake. Vilivyokufa tu ndivyo vya kutupwa, navyo vitupwe mahali panapostahili. Na kama wewe ni mkuu wa shule au wa ofisi, funguo za kabati zipo mfukoni mwako.

Siku moja watu watakaa uani kwako, na vitu vyako vitafunguliwa na kugawanywa na watu wasiojua ulivipataje. Usiwangoje. Gawa mwenyewe, ungali na mikono.