'Jipange' si dawa ya ADHD

Kijana wa Nairobi akichelewa kazini, anaambiwa "jipange". Akisahau kodi ya nyumba, "si ujipange!" Kwa wengi huo ni ushauri tu. Kwa anayeishi na ADHD, ni kama kumwambia mtu asiyeona vizuri akaze macho.

ADHD ni hali ya ubongo inayovuruga umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Huanza utotoni, na wengi huingia nayo utu uzima. Mwanasaikolojia Mmarekani Russell Barkley ameeleza kwa miaka mingi kwamba shida si kutojua la kufanya, bali kulifanya wakati unaofaa. Ndiyo maana mtu huyu ana madaftari matatu ya mipango, na kila moja limeandikwa kurasa nne za kwanza pekee.

Mjini hapa, kusahau kuna bei. Ukiwa na PIN na Juni 30 ipite hujawasilisha ripoti yako kwa KRA, faini ni kuanzia Sh2,000, hata kama mwaka mzima ulikuwa unatarmac. Kuna pia kazi inayopotea, na mzazi anayekuita mvivu hadi unaanza kumwamini.

Msimamo wangu ni huu: mwenye ADHD aache kupanga maisha kichwani. Mpango ukae nje, mahali macho yanapouona.

Anza na saa. Kwa ubongo huu kuna nyakati mbili tu: sasa na baadaye. Unaishi Kangemi na unatakiwa uwe katikati ya jiji saa mbili asubuhi? Hesabu ukirudi nyuma: kutembea kutoka steji, jam ya Waiyaki Way, kungoja matatu ijae, kuvaa. Kisha weka alamu ya kutoka mlangoni, si ya kuamka pekee.

Pesa nazo zisikungoje ukumbuke. Mshahara ukiingia, lipa kodi ya nyumba siku hiyo hiyo, kabla hujafungua kitu kingine kwenye simu. Funguo, kitambulisho na chaja viwe na mahali pamoja, karibu na mlango.

Kazi kubwa ivunje. "Kuandika ripoti" ni mlima. "Fungua faili, andika kichwa" ni hatua. Ukikwama kuanza, tafuta rafiki mkae meza moja, kila mtu na kazi yake. Wengi wenye ADHD husema kuwa na mtu karibu huwasaidia kutulia. Na mfumo ukikuchosha baada ya wiki tatu, ubadilishe bila kujilaumu.

Najua kuna watakaosema hiki ni kisingizio kipya cha Gen Z. Ni kweli si kila anayesahau ana ADHD. Kukosa usingizi, wasiwasi na huzuni pia huvuruga akili. Kwa hivyo usijipime kwa video za TikTok. Mtaalamu huuliza kama dalili zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12, na kama zinakusumbua nyumbani na kazini pia. Hospitali za umma kama Mathari na KNH zina wataalamu wa afya ya akili. Dawa zipo, na daktari ndiye wa kuziandika, lakini hakuna tembe itakayokuwekea alamu au kukulipia kodi.

Mabosi, nanyi mna sehemu yenu, na haigharimu hata shilingi. Baada ya mkutano, tuma maagizo kwa maandishi. Badala ya makataa moja ya mwisho wa mwezi, weka tatu ndogo. Wazazi, kabla ya kusema "jipange" tena, ulizeni: "Ni wapi hasa unakwama?" Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha pa kuanzia.